Chupa Alizomwekea Kinyozi

Msimu wa mafua, foleni ya duka la dawa ilifika hadi nje, watu wanakohoa kwa zamu kama wanaitikiana. Katikati yao alisimama kinyozi wa mtaa wa pili, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, manukato yake yametangulia kaunta.

"Dawa ya kikohozi, mrembo. Ile ya chupa ya kahawia."

"Ile mpaka cheti cha daktari, kaka."

"Cheti nimesahau. Lakini kukuona tu nusu nimeshapona."

"Basi hiyo nusu nyingine kanywe maji ya moto."

Foleni ikacheka. Binti muuza dawa akacheka kuliko wote, na chupa akampa.

Mtaa nao haufichwi kitu. Wiki ya tatu kila mtu alijua kinyozi hukohoa akilikaribia duka tu. Wakasema kapenda. Shangazi mtu, mwenye duka, aliifungia dawa ile kabatini. Binti akawa anafungua shangazi akienda kula. Wasichana wengine huwawekea wapenzi wao chakula. Yeye aliweka chupa nyuma ya maboksi ya pamba, kaifunga karatasi ya zawadi yenye maua.

"Umeniwekea, mpenzi?" Simu ya kila asubuhi.

"Nimekuwekea. Hicho kifua kinanitia wasiwasi."

"Kimekujaa wewe, ndiyo maana."

Mpaka siku kinyozi aliposinzia wima, wembe mkononi, akamchana mteja sikio. Mteja alikimbizwa dukani kufungwa bandeji, na habari yote ikaingia naye. Shangazi akafungua kabati, akahesabu kwa macho, akakaa chini.

"Mwanangu, umesomea dawa. Hukujua hii inalevya kama kasumba?"

"Nilijua, shangazi."

"Na kwamba hana kikohozi?"

"Kufikia chupa ya nne nilijua. Niliogopa nikimnyima hatakuja tena."

Binti akampigia kinyozi hapo hapo. "Chupa hakuna tena. Njoo hivyo hivyo, mpenzi."

Hakuja. Siku ya tano simu ilipokelewa na dada yake. "Wifi, tumempeleka kwenye nyumba ya matibabu. Anatetemeka, anatapika. Usimpigie."

Miezi saba binti aliishi akijiambia kwamba hakupendwa yeye, ilipendwa dawa. Kisha mchana mmoja simu ikalia.

"Niko ng'ambo ya barabara. Huko ndani siingii."

Alivuka mbio, koti jeupe la kazi halijafungwa vifungo. Kinyozi alikuwa amenenepa, macho maangavu.

"Ulikuwa unaifuata chupa," binti akasema.

"Mwanzo chupa. Halafu wewe. Halafu nikashindwa kuwatenganisha."

"Na sasa?"

"Nimekuja na posa mdomoni, haki ya nani. Lakini umevuka barabara, nikakuona, ulimi ukajaa mate. Si mate ya mapenzi."

"Nitaacha duka. Tutahama."

"Si duka, mpenzi. Ni uso wako. Mwili umekujua pamoja na kile kitu." Alifuta jasho, akajaribu kutabasamu. "Lakini nikuoe tu. Nitajikaza. Nipe mkono."

Alinyoosha wake. Ulikuwa unatetemeka.

Binti aliutazama, akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko kwa nguvu. Ana kwa ana hakuwahi kumnyima kitu.

"Nenda," akamwambia.