Alama ya Meno kwenye Banitsa

Asubuhi ile Zornitsa alikuwa jikoni na bibi yake, Stoyna. Mezani kulikuwa na banitsa ya moto, mkate wa unga mwembamba uliopangwa tabaka juu ya tabaka, jibini tele. Zornitsa aling'ata, akavuta, akavuta tena. Tabaka lote la juu likang'oka, likamning'inia kidevuni.

"Unakula au unavua samaki?" bibi akamtania.

Zornitsa hakucheka. Alikuwa amevaa vyuma vya meno mwaka mzima, na meno yake sasa yalikuwa yamenyooka. Miezi miwili mbele kulikuwa na dansi ya kumaliza shule. Hapa mjini Dobrich, siku hiyo mtaa mzima hutoka kumtazama mhitimu na gauni lake.

"Kesho naenda kuvitoa," alisema. "Siendi dansini na mdomo wa vyuma!"

Jirani yao Nevena, muuguzi wa kliniki ya meno, alikuwa amekuja kuomba siki, akamsikia.

"Hebu kaza meno ya nyuma, mwanangu, halafu cheka nikuone."

Zornitsa akakaza. Meno ya mbele yalibaki wazi, ya juu mbali na ya chini. Nevena akapitisha ncha ya kijiko katikati.

"Umeona? Yamenyooka, ila hayakutani," alisema Nevena. "Ya mbele hayakati kitu. Ya nyuma yanabeba kazi yote. Yatalika, na taya linaweza kuuma."

"Lakini si yanapendeza?"

"Kwenye picha, ndiyo. Kula je? Vile vimpira alivyokupa daktari, vya kuunganisha vyuma vya juu na vya chini, unavivaa?"

Zornitsa akainamisha kichwa. Vilikuwa kwenye droo.

"Ndivyo vinavyovuta meno yakutane. Vaa usiku na mchana. Vua ukila na ukipiga mswaki tu. Siku ya kutoa vyuma ataipanga daktari, si dansi."

Zornitsa alilia kwa hasira. Kisha akafungua droo.

"Haya. Navaa mpaka yakutane!"

Wiki ya kwanza yaliuma. Hakuvua. Siku ya dansi, binamu yake alipiga kelele, "Trekta hilo linapita!" Zornitsa akamchekea vyuma vyote nje.

Mwezi Novemba daktari alivitoa, akampa kifaa cha kuvaa usiku ili meno yasirudi yalikotoka.

Bibi alioka banitsa. Zornitsa aling'ata mara moja tu. Kipande kikakatika.

Bibi alikichukua kilichobaki, akaitazama alama ya meno ya mbele, safi kama ya kisu. Akatoka nacho nje kuwaonyesha majirani.