Mashua Ambayo Hakuna Aliyeiona

Kila asubuhi Nolwenn aliosha vyombo kwa maji ya chumvi, kisha akazunguka sitahani kuokota samaki warukao walioangukia humo. Siku ya kumi na tatu tangu waondoke Galapagos aliokota wawili, mmoja mkubwa kuliko kiganja chake. Alitaka kumwonyesha mtu, lakini mama yake, Maela, alikuwa amelala, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani hadi alfajiri. Baba yake, Ronan, alikuwa mbele akihangaika na kamba za tanga.

Ndivyo walivyoishi kwenye yoti yao, mashua ya tanga iliyoitwa Morvran: mzazi mmoja kazini, mwingine kitandani. Nolwenn, wa miaka kumi na miwili, alikula peke yake, akasoma peke yake, na kucheza karata mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Visiwa vya Markesas vilikuwa bado siku tisa mbele.

Alichokisubiri kila siku ni saa tatu asubuhi tu. Saa hiyo yoti tano zilizokuwa zikivuka bahari zilisalimiana kwa redio. Watu wazima wakishamaliza habari za upepo, watoto walipewa dakika chache. Rafiki yake Eulalie, wa yoti Zefiri, alikuwa na kaka wawili na hakukosa la kusimulia.

"Jana tumeona pomboo kama hamsini!" alisema Eulalie. "Haya, wewe una nini kipya?"

"Hamna."

"Kama jana tena? Basi kwaheri, wenzangu wananiita tucheze."

"Ngoja!" Nolwenn alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Tumeona… tumeona mashua imepinduka."

"Acha utani!"

"Kweli. Na kitu chekundu majini, kama jaketi."

Eulalie hakwenda kucheza. Aliuliza hili na lile, na Nolwenn akajibu yote. Walipoagana, Nolwenn alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa siku nyingi.

Saa nane mchana baba yake aliwasha redio asikilize hali ya hewa. Badala yake ilisikika sauti ya Bi Perrine, mwanamke wa miaka sitini na minane aliyesafiri peke yake mbele yao katika yoti ndogo, mojawapo ya zile tano.

"Nimegeuza yoti kurudi nyuma tangu asubuhi," alisema akihema. "Upepo unanipiga usoni, na tanga la mbele limechanika. Hiyo mashua iliyopinduka siioni. Mawimbi ni makubwa. Nitapanda mlingoti nitazame mbali zaidi."

"Mashua gani?" Ronan alimgeukia binti yake. "Wewe umesikia habari ya mashua?"

Nolwenn angeweza kutikisa kichwa na mambo yakaishia hapo. Lakini akilini alimwona Bi Perrine akining'inia juu ya mlingoti unaoyumba, hakuna hata mtu mmoja chini wa kumshikia kamba.

"Asipande!" alilia. "Baba, mwambie asipande! Hakuna mashua. Nimetunga mimi."

Ronan akampa kipaza sauti. "Mwambie mwenyewe. Haraka."

"Bi Perrine, ni Nolwenn. Usipande, tafadhali. Nilidanganya. Hakuna mashua iliyopinduka."

Redio ilikoroma tu. Nolwenn alidhani wamechelewa.

"Rudia," sauti ilisema hatimaye. "Hakuna mtu majini?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu majini." Bi Perrine alishusha pumzi ndefu. "Afadhali. Nilikuwa namtafuta kwenye kila wimbi. Sasa niache nikae chini kwanza."

Ronan aliwaita wengine wote, Nolwenn akawaomba radhi mmoja mmoja. Eulalie alinuna, akasema, "Mimi niliwaombea dua watu wa mashua hiyo, ujue!" Maela alipoamka na kuambiwa, alimuuliza binti yake alikuwa akila na nani mchana. Tangu siku hiyo waliamshana, wakala pamoja mlo mmoja kila siku, hata kama ni viazi na dagaa wa kopo.

Bi Perrine aligeuza tena, akapunguza mwendo, na Morvran ikasafiri karibu naye hadi Markesas. Walipotia nanga, Nolwenn alipiga makasia hadi kwake, akamkuta ametandaza tanga sitahani.

"Nimekuja kushona," alisema bila kumtazama usoni.

"Sindano hiyo hapo. Angalia kidole."

Walishona hadi jua likageuka. Mwishowe Bi Perrine alikata uzi kwa meno.

"Sikiliza, mwanangu. Ukisema kuna mtu majini, sisi tunageuza. Hatuulizi mara mbili. Siku tutakapoanza kuulizana kama ni kweli, kuna mtu atakufa tukiwa bado tunauliza. Ndiyo maana huko nje hatudanganyani."

"Nilitaka tu Eulalie asiondoke," Nolwenn alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mwaka wa kumi na moja huu nazunguka peke yangu, unadhani sijui?" Bi Perrine alimsogezea upande mwingine wa tanga. "Basi siku nyingine sema hivyo hivyo. Sema, 'Nina upweke, kaa nami kidogo.' Nilikuwa hapo kwenye redio, nakusikia. Ningekaa."