Filemoni Aliyeletwa na Guta

Stendi ya Tarime siku ya soko mnaijua wenyewe. Wapiga debe wanavuta watu mikono, mama wa ndizi anakutukana ukigusa kapu lake, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Sasa katikati ya fujo ile alisimama msichana mmoja, gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe, kichwani amesuka twende kilioni. Amekumbatia mtoto aliyefunikwa kanga gubigubi. Anatafuta nauli kwenye mkoba kwa mkono mmoja, hawezi.

Filemoni akamwona. Huyu alikuwa dereva wa kambi ya watalii kule Natta, kijana mrefu, shati la kaki limenyooshwa pasi, na mdomo wa kuongea hakuazima kwa mtu. Akasogea.

"Dada, nikushikie mtoto, utoe hela kwa raha."

"Ni mzito, kaka."

"Nimelea wadogo zangu wote kwa mikono hii."

Akampa. Mura, ndugu yangu, magoti yalikunjika, kidogo aende chini. Kanga ikafunuka, akakutana na mzee wa saruji, kipara, macho amefumba, ametulia kama mtu aliyeshiba.

"Mtoto wako amezeeka," Filemoni akasema, anahema.

"Na wewe umelea wengi, umsaidie kukua."

Wakacheka mpaka gari likamwacha yule binti. Jina lake Wegesa.

Ngoja niwaambie huyu Wegesa kidogo, maana bila kumjua yeye hadithi haiendi. Utotoni alikuwa anafinyanga ng'ombe wa udongo, kila mmoja na sura yake, mpaka wachungaji wanasema huyu ni wetu. Alipomaliza la saba akamfuata baba yake, fundi wa makaburi ya saruji. Siku moja akamchongea bibi yake sura kwa kuangalia picha ya kitambulisho, wakaiweka juu ya kaburi. Watu wakaja kulia upya. Kuanzia hapo ndiyo ikawa kazi yake. Wanatoka Sirari, wanatoka Mugumu, hata Machochwe huko, wanaleta picha ya marehemu, anachekecha mchanga wa mtoni, anasuka waya, anakandika saruji, anakata pua na kisu. Macho anafumba. Mtu amelala, afumbuliwe macho ya nini?

Basi mapenzi yakashika. Filemoni akiwa Natta mtandao ulikuwa shida, lazima apande jiwe kubwa nyuma ya kambi, asimame juu kama nyani wa zamu. Wegesa akisikia upepo kwenye simu anajua mpenzi wake yuko juu ya jiwe.

"Umekula, mama?" Filemoni anauliza.

"Nimekula. Nafanya masikio ya mtu hapa."

"Na mimi nichonge basi. Kwani sisi tunaopumua hatuna sura?"

"Mimi nachonga marehemu, mpenzi. Usijitakie."

Filemoni alikuwa anamtania tu, lakini neno lile lilimkaa Wegesa. Akasema moyoni, huyu nitamshangaza. Na mama yake, ambaye bado hajanijua, nitamwingia kwa mlango huo huo. Akatoa picha kwenye simu, akakaa nayo wiki nzima. Paji la uso lilitoka lenyewe, na kale kakovu ka kidevuni kalitoka. Lakini mkono ukishazoea njia moja, ni kama punda wa maji. Ulipofika kwenye macho ukayafumba, na Wegesa wala hakuona kosa. Kwake yeye sura nzuri ilikuwa hivyo.

Akampa Daudi wa guta, ile ya mizigo ya magurudumu matatu, apeleke kwa Mama Veronika, mama yake Filemoni, hapo nyuma ya stendi. Daudi mwaka wa ngapi anabeba mizigo ya Wegesa, na nyumba zote anazopeleka ni za msiba. Alipofika akateremsha, akavua kofia kama kawaida yake, akasema, "Pole sana, mama."

Mama Veronika akafunua gunia. Akamwona mwanawe, macho yamefumbwa.

Kilio kile kilisikika mpaka sokoni. Wanapiga simu ya Filemoni, haipatikani. Sasa nani wa kuwaambia kwamba hayuko juu ya jiwe tu? Jioni turubai limefungwa, viti vimekodiwa, sufuria la ugali liko jikoni, na wajomba wameshaanza kubishana kaburi lichimbwe wapi.

Kesho yake Filemoni anaingia kwa likizo, na jogoo kwapani. Anakuta watu uwanjani. Akamshika mzee mmoja mlangoni, akamuuliza taratibu, "Baba, nani ametutoka?"

Mzee akamwangalia. Tonge likaanguka. "Wewe," akasema.

Watu walikimbia, wengine hawakurudi kufuata viatu. Mama Veronika yeye alimshika mwanawe usoni, akamshika na kumshika, halafu akakaa chini. Alipopata nguvu alisema neno moja, kwamba yule mwanamke wa makaburi amemzika mtoto wake akiwa hai, asikanyage kwake.

Filemoni akapiga simu. Hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu alipiga akiwa na hasira.

"Wegesa, umenizika?"

"Nimekupenda."

"Mama yangu amelala chini kwa kupenda kwako."

Wegesa akakata. Alikata, na akaweka mwiko wake wa saruji chini. Picha za watu zikarundikana bila kuguswa. Filemoni akarudi Natta, akipanda jiwe anapiga, haipokelewi. Alikonda yule kijana, mpaka watalii wanamuuliza.

Likizo nyingine ilipofika akaja nyumbani, na siku hiyo hiyo Wegesa akatokea, gauni lile la njano, mkononi nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Veronika akajibu, akitazama pembeni.

"Nimekuja kuivunja. Nimeileta mimi, niivunje mimi."

Sura ilikuwa chini ya ukuta, imefunikwa gunia. Wegesa akalitoa, akanyanyua nyundo. Mama Veronika akamdaka mkono.

"Acha. Kidevu hicho nimekizaa mimi." Machozi yakamtoka. "Lakini mwanangu halali hivyo, binti. Huyu hata akilala, jicho moja linatafuta chakula."

Wegesa akaitazama kazi yake, akaielewa. Maisha yake yote hakuwahi kuchonga mtu aliyekaa mbele yake. "Niletee saruji kidogo, mama," akasema. "Na yeye akae hapa."

Filemoni akawekwa kwenye kigoda. Wegesa akaanza kukwangua, anamtazama, anaona haya, anatazama tena.

"Usitikisike."

"Hao wako ndio hawatikisiki. Mimi napumua."

"Basi pumua kimya."

"Nisamehe kwa ile simu, Wegesa. Niliogopa, nikakutupia wewe."

Wegesa akafumbua jicho la kwanza kwa ncha ya kisu. Mama Veronika kwa nyuma anasahihisha, kubwa zaidi, zaidi, huyo ni mlafi.

"Nikimaliza la pili utaniona mpaka unichoke," Wegesa akasema polepole.

"Nione hivyo hivyo kila asubuhi. Nitume wazee kwenu?"

"Watume. Na usitikisike."

Ng'ombe walienda kwa baba yake Wegesa kabla mvua hazijaanza. Sura ile iko getini mpaka leo, macho wazi, kuku wanaiogopa.

Na baada ya arusi Daudi akasimamisha guta pale pale. Amebeba gunia. Ndani yake Mama Veronika wa saruji, anacheka meno yote nje, na Mama Veronika mwenyewe amesimama mlangoni anamngoja. Daudi akavua kofia. Akafungua mdomo, akaufunga, akafikiri.

"Hongera, mama," akasema.