Maji ya Shangazi Zaiba

Kila asubuhi Nazpari alipanga vikapu vya matunda makavu ya aprikoti, ya kuuza, kando ya barabara inayofuata mto Hunza. Watalii walipita bila kumtazama. Walisimama mbele kidogo, kwa kina Shamim, wauza matunda wenzake, penye maporomoko madogo ya maji.

Jumatano moja Nazpari aliziba mfereji wa mashamba kwa jiwe na mabonge ya udongo, maji yakateremka mwambani hadi barabarani. Yalipendeza kweli. Magari yakasimama, watu wakapiga picha, na vikapu vikawa vitupu kabla ya adhuhuri. Alijua fika kwamba siku hiyo ni zamu ya Shangazi Zaiba, jirani yao, kumwagilia shamba, na kwamba zamu hurudi baada ya siku kumi. Alijiambia ni saa moja tu. Aliliondoa jiwe alasiri.

Jioni alikuta watu wamejaa mlangoni kwa Mzee Mirbaz, mgawa maji wa kijiji.

"Umempa nani maji yangu?" Shangazi Zaiba aliuliza. "Viazi vimenyauka."

"Nilikufungulia alfajiri, Zaiba."

"Basi yameota mbawa?"

Watu wakacheka. "Mzee amechoka huyu," mmoja akasema. "Tutafute mgawa maji mwingine."

Mzee Mirbaz aliinamisha kichwa. Nazpari aliona aibu, lakini akaenda zake. Nyumbani, alisukuma mkate kando.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Mama, maji ya Shangazi niliyachukua mimi."

Mama hakumgombeza. Alimshika mkono wakarudi kwa Mzee Mirbaz, na Nazpari akasema yote mbele za watu, huku akilia.

"Zaiba, zamu yetu ya kesho ni yako," mama akasema. "Maharage yetu atayamwagilia huyu, kwa ndoo, kutoka mtoni."

Kesho yake Nazpari alipanda na kushuka na ndoo mpaka mabega yakawaka moto. Mtalii mmoja alimuuliza maporomoko yamekwenda wapi.

"Shambani kwa Shangazi," akajibu.

Mzee Mirbaz alikuwa akisafisha mfereji karibu. "Kuziba maji ni utoto, mjukuu wangu, hilo nimesamehe," alisema. "Lakini jana nilisemwa vibaya nawe umesimama pale pale, ukaondoka. Ukinyamazia kosa lako, mtu mwingine ndiye hulibeba."

Nazpari aliweka ndoo chini. "Nisamehe, babu."

"Haya, shika hilo koleo," akasema mzee.