Maoni Kwenye Kamba ya Hiza

Siku Mashavu alipokutana na Hiza hakuwa anatafuta mchumba. Alikuwa anatafuta gari la kurudi Handeni, ametoka kumwona shangazi yake anayeishi mtaa wa Manundu, miguu inamuuma na mtandio umemteleza mabegani. Stendi ya Korogwe ilikuwa inachemka. Wapiga debe waliita Tanga, wakaita Lushoto, wakavutana mikoba ya watu, na wauza machungwa walipita madirishani na beseni vichwani. Kwenye kibaraza cha duka la vipuri alikuta meza ya vitabu vya mitumba, na juu ya meza kamba ya kuanikia nguo. Kambani hapakuwa na nguo. Palikuwa na karatasi, kila moja imebanwa kwa kibanio, na abiria wamesimama wanazisoma kama matokeo ya mtihani.

Mashavu alisoma ya kwanza, akasonya, akatoa peni.

"Dada, hiyo ni kamba ya maoni, si daftari la mwanafunzi wako," ilisema sauti nyuma ya meza.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, peni tatu mfukoni.

"Basi mwambie aliyeandika hapa. Kasema 'kitabu ni kizuri sana' mara tano. Kizuri kwa nini? Kimetiwa nazi?"

Kijana alicheka mpaka mteja mmoja akageuka. "Aliyeandika ni mimi."

"Ndiyo maana umepiga pasi shati ukasahau sentensi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Aliitwa Hiza, na meza yake ilikuwa na utaratibu wa peke yake: ukiazima kitabu, unakirudisha na nusu ukurasa wa maoni yako, naye anayaanika. Asiyeleta maoni hapati kitabu kingine. Kwa maoni hayo wasafiri waliamua wanunue nini cha kusoma njiani. Mashavu aliondoka na riwaya ya upelelezi, na Jumamosi iliyofuata aliirudisha na karatasi hii:

"Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na mbili, maana ndiye pekee aliyevaa koti juani. Polisi walihitaji kurasa mia mbili zaidi. Someni, mtajiona werevu."

Watu walisoma wakaangua vicheko. Dereva mmoja akauliza, "Mashavu ndiyo nani?" Hiza akamwonyesha kwa kidevu, kwa fahari kama anayeonyesha nyumba yake mwenyewe.

Mashavu alikuwa na diploma ya ukutubi, na kazi yake ilikuwa kutunza mafaili katika ofisi moja pale Handeni, chumba kisicho na dirisha, ambako hakuna aliyewahi kumwambia ameandika vizuri. Sasa kila Jumamosi kulikuwa na watu wanaongoja karatasi yake. Diwani ya mashairi akasema ina vina vingi kama shati lenye vifungo vingi kuliko matundu. Kitabu cha mitishamba akasema kinatibu kila kitu isipokuwa usingizi wa msomaji. Kumbukumbu za dereva wa treni ya mkonge alizisifu kwa unyenyekevu, kwa sababu zilimliza mbele ya jiko ugali ukaungua. Hiza alipiga picha kila karatasi na kuituma kwenye kundi la simu la wasomaji wa meza.

Jioni alimpigia.

"Malkia wa kamba, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, baba vibanio?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Muongo wewe! Nasikia unatafuna."

"Natafuna muhogo kwa sababu ya upweke, kipenzi."

Kuna jambo moja Mashavu hakumwambia. Alikuwa hamalizi vitabu. Alianza na kile cha mitishamba, akachoka nusu ya njia, na Jumamosi ikamkuta hana cha kuanika. Akaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyegundua, walicheka zaidi. Mashairi akasoma matano ya mwanzo. Mwongozo wa ufugaji wa mbuzi akasoma sura mbili na kuuita "rafiki wa mfugaji, hauna hata ukurasa wa kuruka." Kila mara alijiambia atarudi kumalizia. Kila mara kulikuwa na kitabu kipya, na Hiza akimwambia, "Ninachokupendea, Mashavu, ukisema umemaliza, umemaliza."

Kila akiambiwa hivyo, Mashavu hakumtazama usoni.

Mwezi wa sita Hiza alimpa riwaya ya mapenzi iitwayo Bibi Harusi wa Mnyuzi. Alimkabidhi kwa mikono miwili, jasho puani.

"Hiki usikimbize. Kisome mpaka mwisho."

"Nani amewahi kuona nikiishia njiani?"

"Najua, kipenzi. Ila hiki, mpaka mwisho kabisa."

Alikisoma mpaka ukurasa wa sitini. Ofisini walikuja wakaguzi, akapanga mafaili wiki nzima. Ijumaa alisoma maneno ya jalada la nyuma, akakisia mwisho kama vinavyoishaga vitabu vya namna hiyo, akaandika:

"Mwisho wake nimeuchukia. Mwanaume anayengoja kurasa za mwisho ndipo aseme anataka kuoa, bora angenyamaza tu. Mimi ningekuwa huyo bibi, ningepanda basi."

Jumamosi alimkabidhi Hiza kitabu na karatasi. Hiza alisoma. Akasoma tena. Akachukua kibanio, akaianika.

"Hivi ndivyo ulivyoona?"

"Neno kwa neno," alisema Mashavu, akajitengeneza mtandio. "Vipi, si kali?"

"Ni kali."

Jioni ile hakupiga. Wala kesho yake. Siku ya tatu Mashavu alipiga yeye.

"Hiza, umekula yamini ya simu?"

"Hapana. Nimeelewa tu, Mashavu. Umeandika vizuri, hakuna haja ya kurudia."

"Umeelewa nini?"

"Kipo kwenye kamba, watu wote wanasoma."

"Yaani umeninunia kwa sababu ya kitabu? Kwani umekitunga wewe?"

Hiza alijibu taratibu: "Nimemwambia baba mdogo aache. Usiku mwema."

Baba mdogo aache nini? Mashavu alikasirika badala ya kuuliza. Wiki tatu hakukanyaga Korogwe. Alijiambia mwanaume asiyestahimili maoni hafai kuuza vitabu. Lakini kila simu iliyoita aliirukia, na kila ilipokuwa mtu mwingine alijibu kwa ukali asiostahili huyo mtu.

Wiki ya nne alipiga Bi Rosina, nesi mstaafu wa Hale, naye ni wa kundi la wasomaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina swali. Nimeazima Bibi Harusi wa Mnyuzi. Wewe kurasa za mwisho ulizisomaje?"

"Kivipi, mama?"

"Kurasa nane za mwisho hazijakatwa. Mashine ya kiwandani iliziruka, zimeshikana ubavuni kama bahasha. Mimi nimetafuta wembe sasa hivi. Nimeanza kukata, nikaona ndani kuna barua. Juu imeandikwa 'Kwa Mashavu.' Nimeishia hapo, sijaifungua."

Mashavu alikuwa amesimama katikati ya ofisi. Alikaa chini sakafuni, kati ya mafaili.

"Na kingine," aliendelea Bi Rosina, bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Nakumbuka uliandika kuhusu mwanaume anayetaka kuoa kurasa za mwisho. Nimechungulia. Humu hakuna anayeoa, mama. Bibi harusi anajifunza kuendesha trekta la mkonge, anaondoka zake. Sasa huyo mwanaume uliyemsema ni yupi?"

Ndipo alipoelewa yote kwa mpigo mmoja. Hiza alishasoma nakala nyingine ya kitabu hicho. Alijua hakuna posa mle ndani. Posa pekee ilikuwa kwenye barua aliyoificha mahali ambapo msomaji anayemaliza angelazimika kuikuta. Na yeye, Mashavu, alikuwa ameijibu bila kuiona, kwa kejeli, kisha ikaanikwa stendi nzima isome.

Uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Mama," alisema, "tunaweza kusema barua ilidondoka. Kwamba ilidondoka kabla sijakichukua."

Alijisikia akisema hivyo. Alitamani sakafu immeze na mafaili yake.

Bi Rosina alijibu bila kupandisha sauti. "Mimi sitasema lolote. Kitabu na barua nitaviacha kwa shangazi yako Manundu. Utakachomwambia Hiza ni juu yako."

Jumamosi Mashavu alivaa gauni la kitenge la rangi ya ndimu, lile ambalo Hiza alilipenda, kisha akalivua akavaa la kahawia. Hakutaka kuonekana amekuja kupendeza. Alichukua kitabu kwa shangazi. Barua ilikuwa mle mle, kona yake nyeupe imechungulia pale wembe ulipoanzia. Ule uongo wa kudondoka ulikuwa bado mdomoni, laini, tayari.

Alipofika mezani Hiza hakuwepo. Amevuka barabara kununua chai. Karibu na kamba alisimama mwanamke wa Kimaasai, shuka la samawati, shanga shingoni. Mkononi alikuwa na ule mwongozo wa mbuzi.

"Wewe ndiyo Mashavu wa kwenye karatasi?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi naitwa Naserian, natoka Kang'ata. Nilinunua hiki kwa maneno yako. Mtoto wangu ananisomea. Kuanzia katikati kurasa zimechapwa mara mbili, sura ya magonjwa haimo kabisa. Nikasema labda huyu dada alipewa kizima."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtetea.

"Sikupewa kizima," alisema Mashavu. Sauti ilimtoka ndogo. "Sikukifungua katikati. Nisamehe, dada Naserian. Ngoja, nitamwambia mwenye meza akubadilishie."

Naserian alimtazama, akakaa kwenye benchi kungoja.

Mashavu alitoa peni. Alianza mwanzo wa kamba, na chini ya kila karatasi yake ya uongo akaandika kwa herufi kubwa. Kwenye mitishamba: "Sikumaliza. Niliishia ukurasa wa 51." Kwenye mashairi: "Nilisoma matano kati ya arobaini." Kwenye mbuzi: "Sura mbili tu. Nimempotosha mtu." Abiria walianza kusogea. Mmoja akasema, "Aisee, anajisahihisha." Mwingine akacheka. Aliendelea, machozi yanadondokea gauni la kahawia, mpaka alipofika kwenye ile ya Bibi Harusi. Hapo mkono ukagoma.

"Andika," ilisema sauti nyuma yake. Hiza, vikombe viwili vya chai mikononi. "Umeanza mwenyewe."

Aliandika: "Niliishia ukurasa wa 60. Mwisho niliutunga." Kisha akageuka.

"Sikuiona barua yako, Hiza. Ipo humu, haijafunguliwa. Bi Rosina ndiye aliyeikuta. Nilitaka kukudanganya kwamba ilidondoka. Mpaka hapo barazani nilikuwa bado nataka."

Hiza aliweka chai mezani, bila kuangalia, ikamwagikia gazeti.

"Wiki nne," alisema. "Wiki nne nasoma karatasi hiyo kila asubuhi nikifungua meza, na kitabu chenyewe sikutaka hata kukifungua. Baba mdogo alishanunua bahasha ya barua ya posa, Mashavu. Nikamwambia binti amekataa, tena amekataa kambani."

"Kwa nini hukuishusha?"

"Utaratibu ni wangu. Ningeshusha ya kunichoma nikaacha za kuwachoma wengine?" Alikaa. "Kukataliwa nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Ila wewe kutomaliza... Mimi watu nawaambia, mwaminini huyu."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sijui," alisema Mashavu. "Nipe wembe."

"Wa nini?"

"Nimalizie kitabu. Barua kaa nayo. Sina haki nayo bado."

Hiza alichomoa barua, akaiweka mfukoni nyuma ya zile peni tatu, akampa wembe. Akaenda kumtafutia Naserian nakala nzima, akiikagua ukurasa kwa ukurasa mbele yake.

Mashavu alikaa kwenye benchi karibu na Naserian, akafungua ukurasa wa sitini na moja. Gari la Handeni la saa nane lilipiga honi, likaondoka. Wapiga debe walimjua, wakamtania, "Leo malkia kasimamishwa darasani!" Aligeuza ukurasa. Aligundua kitabu kilikuwa kizuri kuliko alivyokitukana. Kuna mahali bibi harusi anamwomba mama mkwe msamaha mbele ya jiko, na Mashavu alilazimika kukifunga kidogo. Alipofika kwenye kurasa zilizoshikana alizikata taratibu, moja moja, asiharibu hata herufi.

Saa kumi na moja alisimama mbele ya meza.

"Trekta linazimika mtoni," alisema. "Anashuka, anavua viatu vya harusi, anavirusha nyuma ya siti, anawasha tena. Sentensi ya mwisho ina neno 'vumbi'. Uniulize chochote."

Hiza hakuuliza. Alitoa barua mfukoni, akampa.

"Utaisoma nyumbani?"

"Hapa hapa. Mpaka mwisho."

Ilikuwa kurasa mbili. Alisoma zote, akasoma na tarehe. Hiza aliandika vibaya kama kawaida yake, 'nakupenda sana' mara tano bila kusema kwa nini. Safari hii Mashavu hakutoa peni kumsahihisha. Alichukua nusu karatasi, akaandika, akaikunja, akampa.

"Nimesoma yote. Mwisho wake ni mzuri kuliko ninavyostahili. Kama bado unataka, baba yako mdogo aje Handeni. Kama hutaki, nitaelewa, na nitarudisha vitabu kwa wakati."

Hiza alisoma. Mkono ukaenda kwenye kibanio, kwa mazoea. Mashavu akaushika.

"Hii usianike."

"Hii siianiki." Aliitia mfukoni. "Kukuamini nitaanza upya, polepole. Posa inaweza kutangulia."

Mashavu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mkono azishushe zile karatasi za aibu.

"Hizo ziache," alisema Hiza. "Watu bado wanasoma."

Akaziacha. Mpaka leo, kila Jumamosi akija Korogwe, hupita chini yake akiwa ameinamisha kichwa, kitabu kwapani, na wembe ndani ya mkoba.