Mbona Hukukimbia, Piers?

"Kiunonjano! Jamani, kiunonjano! Kwenye ule mti wa karibu na lango!"

Imogen Thirkettle aliita kwa nguvu zake zote. Wanachama wa chama cha watazama ndege cha Holmby walikuwa wametawanyika kwenye makaburi ya kanisa, kila mmoja na darubini yake shingoni. Hakuna aliyeinua ya kwake.

"Ameanza tena," mmoja alinong'ona.

"Mwacheni. Oktoba bila maajabu ya Imogen si Oktoba."

Wakacheka. Watu wa pwani ile ya Norfolk watakusamehe ulevi, watakusamehe hata talaka tatu. Lakini ukidai umemuona ndege ambaye hukumuona, umekwisha. Na Imogen alikuwa amekwisha mwaka mzima.

Oktoba ya mwaka jana, pale pale makaburini, alimuona kiunonjano, kindege kidogo ajabu ambacho upepo wa mashariki hukisukuma kutoka Siberia mara moja moja. Alikuwa na mchumba wake, Piers Cubitt. Mwenyekiti, mzee Desmond Larter, alikuwa ameikagua miti ya pale asubuhi na kutangaza kwamba haina kitu. Akamuuliza Piers mbele ya watu wote:

"Ulikuwa naye. Ulimuona huyo ndege?"

Piers alitazama viatu vyake.

"Sikumuona. Sijawahi kumuona ndege huyo maishani mwangu."

Tangu siku hiyo Imogen akawa mwongo wa kijiji. Na leo, walipokuwa garini wakija, Piers alimwonya:

"Ukiona chochote cha ajabu, kaa kimya, mpenzi. Ukiniaibisha mara ya pili, harusi ya Desemba usahau."

Imogen alimtii njia nzima. Kisha akamuona ndege, na mdomo ukamshinda.

"Yupo! Hata mmoja wenu hataki kutazama?"

Ndipo Hedley Garrod, fundi wa matrekta aliyejiunga na chama majira ya kuchipua, alipotoka mbio. Mkononi alikuwa na andazi la nyama, nusu ameshalila. Aliruka kaburi la kwanza, akajikwaa kwenye la pili, akafika mtini anahema. Akainua darubini.

"Mungu wangu! Kiuno hicho! Njano kama siagi! Njooni, yupo!"

Loo! Ungewaona wale waliokuwa wakicheka. Bibi mmoja alitupa mkongojo. Mzee Larter alikimbia na nyonga yake ya bandia, kofia ikaanguka nyuma asigeuke kuiokota. Kindege kikajitokeza kwenye tawi tupu, kikaelea hewani na kuwaonyesha kiuno chote.

"Ni yeye," mzee alisema. "Miaka yote hii nimemsubiri, na ni yeye."

Simu zikalia kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kundi la chama:

"KIUNONJANO. Makaburi ya kanisa, Holmby. Yupo sasa hivi. Ameonwa kwanza na Imogen Thirkettle. Nimethibitisha mwenyewe. D. Larter."

Imogen aliusoma huku machozi yakimtiririka. Aligeuka kumtafuta Piers amkumbatie.

Piers alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, anajimiminia chai.

Imogen akasimama. Huyu ni mtu aliyewahi kumwacha mama yake na keki ya siku ya kuzaliwa, mishumaa inawaka, akakimbilia ufukweni kwa ajili ya bata.

"Piers."

"Hongera, mpenzi. Nimefurahi sana kwa ajili yako."

"Njoo umuone."

"Nitakuja. Waache wenzangu washibe kwanza."

"Lakini hujawahi kumuona maishani mwako. Ulisema mbele ya watu wote."

"Ndiyo, nilisema."

"Basi mbona unakunywa chai?"

Wote wakageuka. Darubini zikashuka moja baada ya nyingine.

"Hata mimi na nyonga hii nimekimbia," mzee Larter alisema polepole. "Mbona wewe hukukimbia, Piers?"

Piers aliinuka haraka, akashika darubini yake, lakini alikuwa amechelewa. Pale hapakuwa na mtu asiyejua kwamba ndege usiyewahi kumuona humsubirishi umalize chai.

"Ulimuona mwaka jana," Imogen alisema. "Ulisimama begani kwangu, ukamuona vizuri kuliko mimi."

"Nielewe, Imogen. Desmond alikuwa ameshasema hakuna kitu. Ningempinga, angeninyima uongozi wa safari za chama. Ningekueleza baada ya harusi!"

"Mwaka mzima nimeitwa mwongo! Nikilia unanishika mkono, unaniambia labda macho yangu yamechoka. Nikaenda mpaka kupimwa macho, Piers!"

"Nilikuwa nakupenda."

"Ulikuwa unanipenda nikiwa kimya."

Alivua pete, akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Ikalia chubwi.

"Watu wameshaalikwa!" Piers alipayuka. "Nitawaambia nini?"

"Waambie hukumuona bibi harusi yeyote. Watakuamini, si wewe ndiye mkweli?"

Kicheko kilichopasuka pale kilikifukuza hata kindege mtini. Hedley alipaliwa na andazi, akapigwa mgongo.

Mzee Larter alimsogelea Imogen, kichwa wazi.

"Binti yangu, nilikukosea, na nilikukosea hadharani. Basi hadharani nasema: ndege wako wa mwaka jana naye tunamkubali. Na mchana tukishuka ufukweni, naomba utuongoze wewe."

"Nitawaongoza. Ila yeye abaki na chai yake."

Mchana bata bukini walikuwa wakiingia kutoka baharini, kundi baada ya kundi, na Imogen alitembea mbele kabisa, upepo ukimchapa usoni, moyo mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa. Hedley alikuwa pembeni yake.

"Kwa nini ulikimbia?" Imogen alimuuliza. "Wote walikuwa wananicheka."

"Mtu anajua atachekwa na bado anaita? Huyo ameona kitu."

"Ni hilo tu?"

Hedley akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Na pia nimekuwa nikitafuta sababu ya kukukimbilia tangu Machi."

Imogen aliangua kicheko, na Hedley naye. Simu ya Imogen ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mama, harusi haipo tena."

"Piers ameniambia. Alilia kidogo. Mimi sikulia. Kilichoniuma ni kofia tu, nilishanunua ya kuvaa kanisani." Kisha akauliza: "Na huyo mwanamume anayecheka hapo ni nani?"

"Anaitwa Hedley. Nilipoita, ni yeye peke yake aliyekuja mbio."

"Kesho mlete tule chakula cha mchana. Muulize anapenda nyama ya ng'ombe au ya kondoo."

Imogen aliuliza.

"Kondoo," Hedley alijibu.

"Nimemsikia," mama alisema. "Basi kofia sirudishi dukani."