Fungu la Tano

Ummulkheir alikuwa anamkatia mumewe papai aliposikia kicheko cha mumewe juu darini. Kilikuwa kicheko cha Awadh hasa, kile kinachokwama puani kwanza kisha kikafunguka, naye akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba Awadh yuko mbele yake, kinywa kimejaa, hacheki.

"Nani yuko juu?" akauliza.

"Hakuna mtu," Awadh akasema. Hakuinua macho.

Sasa, msidhani Ummulkheir ni mwanamke wa kushtuka ovyo. Kazaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ambazo ngazi hulia zenyewe, na kelele za mbao anazijua. Lakini kicheko kile hawezi kukikosea, kwa sababu ndicho kilichomwozesha. Miaka sita nyuma alikisikia kupitia ukutani kwa shangazi yake Rukiya, kabla hata hajamwona mwenyewe, akamwambia shangazi: huyu anayecheka hivi, akija kuposa, msimrudishe. Na sasa ilikuwa siku ya tisa Awadh hajacheka hata mara moja.

Mambo yalianza na karata. Awadh ni fundi wa cherehani, duka lake liko chini ya nyumba, na wateja walipopungua akajifunza poka kwenye simu, kama mtu anavyoanza kufuga njiwa. Punde si punde akawa halali bila kupanga karata kwenye foronya. Akamfundisha na mkewe, apate wa kujipima naye. Unapewa karata tano, unabadilisha zisizokufaa, unaweka dau, na ukiliogopa dau la mwenzako unazilaza kifudifudi, umeshindwa. Mwenye jozi humshinda asiye na kitu, na anayejua kudanganya humshinda mwenye jozi.

"Wewe huwezi," Ummulkheir alimwambia. "Uso wako unasema kila kitu." Naye akamshinda mara saba mfululizo, akiwa anachambua mchele.

Baadaye wakaja wenzake watatu, kila siku baada ya alasiri: Ziad muuza vitambaa, Morgan wa kampuni ya mizigo, na Ngala karani wa samaki huko Liwatoni. Awadh akawapandisha chumba cha juu, kilichokuwa cha marehemu bibi yake. Bibi alikuwa akikifukiza udi kila Alhamisi, na hakumruhusu mtu kulala humo, wala yeye mwenyewe hakulala. Awadh aliona ni chumba chenye hewa nzuri, basi. Pesa hawakuweka, maana kamari ni haramu na Awadh ni mtu wa kuogopa Mungu. Waliweka kokwa za tende.

Ila kokwa haiumi. Ndivyo alivyolalamika Morgan Alhamisi moja, Ummulkheir akiwa amesimama mlangoni na dele la kahawa. "Kila mtu aipe kokwa yake jina," akasema. "Kitu ambacho kikienda utakijua kimeenda." Ziad akaweka masharubu yake. Ngala akaweka usingizi wa mchana, Morgan akaweka mpira wa Jumapili. Awadh akafikiri, akasukuma kokwa yake katikati ya mkeka.

"Mie naweka kicheko changu."

Wote wakacheka, na yeye akawashinda kwa kucheka. Karata zikagawiwa. Ngala ndiye aliyeona kwamba mafungu ni matano, na wao ni wanne. Ziad akalifunua lile la tano kwa mzaha. Lilikuwa na ree zote nne, karata zinazowapita hata wafalme. Chumba kikanuka udi mbichi na marashi, na hakukuwa na chetezo, na kicheko cha Awadh kikakatika katikati. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee, lakini nani huwakumbuka wazee akiwa na karata mkononi?

Wenzake waliokota kokwa zao wakashuka mbio, ya Awadh ikabaki mkekani, nao hawakurudi tena. Awadh akawa anakaa ngazini baada ya alasiri, anasikiliza kicheko chake mwenyewe. Siku ya kwanza alikaa ngazi ya kwanza. Siku ya pili, ya pili. Ngazi za nyumba ile ni kumi na nne, na Ummulkheir alipomkuta ngazi ya kumi, shavu limeegemea ukuta, anatazama juu kama aliyeitwa, roho ilimruka. Akaenda kumwita Maalim Jaffar.

Maalim akasoma chumbani kwa saa nzima. Kicheko kikanyamaza kwa adabu, kikangoja amalize, kisha kikacheka. Maalim akashuka, jasho linamtoka.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kisomo humtoa jini aliyeiba. Huyu hakuiba. Kapewa, mbele ya mashahidi."

"Kwa hiyo tufanyeje, Maalim?"

"Fungeni chumba, mhame. Mumeo ataishi bila kicheko. Wako wengi wanaoishi hivyo."

"Na kikirudishwa vile kilivyochukuliwa?"

Maalim akamtazama sana. "Mie karata sizijui. Najua hili tu: adhana ya magharibi isikukute humo."

Kesho yake Awadh alikuwa ngazi ya kumi na moja. Ummulkheir akampita pale alipokaa, akaingia na kufunga mlango. Akaketi mkekani. Akagawa mafungu mawili. Mto wa upande wa pili ukabonyea. Akaweka kokwa, karata za ng'ambo hazikusogea. Akavua pete, akaiweka, hazikusogea. Akaelewa.

"Naweka sauti yangu," akanong'ona, akasukuma kokwa ya pili katikati, na karata za ng'ambo zikainuka.

Akatazama zake. Karata tano zisizojuana, hata jozi hakuna. Akabadilisha tatu, zikaja mbovu zaidi. Harufu ya udi ikamsogelea usoni, karibu kabisa, ya mtu anayekukagua macho, na Ummulkheir akafikiria mchele, kuchambua mchele tu, punje na chuya, punje na chuya, uso wake haukusema kitu, akachukua kokwa nyingine akaongeza dau.

Karata za ng'ambo zikalala kifudifudi. Zikasukumwa kwake.

Nje, ngazini, Awadh akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Ummulkheir, kimerudi!" akapaza sauti, na akasikika akishuka mbio.

Hapo ndipo alipopaswa kuinuka. Alijua. Kokwa ya sauti yake ilikuwa bado katikati ya mkeka, ya kuokota tu. Lakini hebu mfikirieni mwanamke huyu, ambaye maishani hakuwahi kushinda kitu zaidi ya kanga ya bahati nasibu, na sasa amemdanganya jini uso kwa uso, mkono mtupu, na furaha ile inampanda kifuani kwa namna ambayo hata siku ya harusi hakuijua, na vidole vyake, bila ya yeye kuviamuru, vimeshakusanya karata, vinazichanganya, vinagawa, na jua dirishani limeshakuwa jekundu, na yeye anajisemea mara moja tu, mara moja tu nishuke, akafunua zake akakuta wafalme watatu.

Wafalme watatu. Hata hakubadilisha. Akawalaza mkekani huku anatabasamu.

Adhana ikaanza. Ng'ambo, moja baada ya moja, zikafunuka ree nne.

Alishuka ngazi zote kumi na nne. Awadh alimpokea chini, akamshika mikono yote miwili, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Ummulkheir," akamwita, kama anavyomwita kila jioni akifunga duka.

Akafungua kinywa amjibu.

"Bee," sauti yake ikaitika juu darini, kwa upole wake ule ule. "Nashuka."

Awadh akakitazama kinywa cha mkewe, kilichokuwa wazi na kimya. Kicheko kikamwisha. Kule juu, ngazi ya kumi na nne ikalia, kisha ya kumi na tatu.